Nilipima kasi, nikasahau risasi

Samahani kwa ukimya wa mwezi mzima. Mliokuwa mkingojea sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, vuteni subira kidogo. Leo nina kisa cha manati.

Naam, manati. Mimi mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, miaka 28, ninayelipwa kuandika programu, nimemaliza wikendi nne juu ya paa letu la saruji hapa Makadara nikilenga kopo la maziwa ya unga. Chanzo ni kunguru. Kila mtu wa Mombasa anawajua: wale wenye shingo ya kijivu, asili yao Bara Hindi, ambao wako kisiwani tangu miaka ya 1940. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja kati yao. Wa kwetu walikuwa wamekula vifaranga sita vya shangazi kwa wiki moja.

Ami yangu, mvuvi mstaafu, akateremsha manati yake ya zamani. Akipiga, kunguru anaruka na hasogei tena siku hiyo. Nikipiga mimi, kunguru ananitazama tu.

"Mkono wako haujatulia," akaniambia.

Mtu wa kompyuta akiambiwa hivyo hatulizi mkono. Anatafuta data.

KRONOGRAFU NI NINI?

Katika kuperuzi nikakutana na walenga shabaha wa Marekani ambao hujaza risasi za bunduki wenyewe kwa mkono. Hupima baruti kwa mizani ndogo kama ya sonara, wakapiga chache, wakabadilisha kipimo kidogo, wakapiga tena. Kila risasi inapita juu ya kifaa kiitwacho kronografu, nacho huwapa kasi yake, kwa mfano mita 800 kwa sekunde. Wanachokitafuta si kasi kubwa. Wanatafuta kasi isiyobadilika, kwa sababu risasi ya polepole huanguka zaidi kabla ya kufika, na kwa shabaha ya mbali tofauti ndogo huonekana.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alitundika pande la mbao, akalipiga risasi, kisha akapiga hesabu ya kasi kutokana na jinsi pande lilivyobembea. Joto nalo lina mkono wake hapa. Baruti za zamani za Kiingereza zilizidi nguvu kwenye jua kali, na ndiyo maana bunduki za wawindaji wa Afrika kama .416 Rigby ya 1911 zilipewa ganda kubwa, ili shinikizo lisipande mno. Raba ya manati pia ina tabia zake: saa saba mchana haivuti kama saa kumi na mbili asubuhi.

Basi nikajenga kronografu yangu. Ni rahisi hivi:

1. Fremu mbili za mbao, umbali wa sentimita 30 kati yake.
2. Kila fremu ina taa za infraredi upande mmoja na sensa upande wa pili.
3. Kipande kinapopita fremu ya kwanza, Arduino inaanza kuhesabu. Kikipita ya pili, inaacha.
4. Gawanya umbali kwa muda.

Kwa mita 50 kwa sekunde, safari hiyo huchukua mikrosekunde 6,000. Saa ya Arduino hupiga hatua za mikrosekunde 4, kwa hiyo saa si tatizo. Ukikosea umbali wa fremu kwa milimita moja tu, umeshakosea mara tano zaidi ya saa. Nyuma ya kopo nilitundika mablanketi makuukuu ndani ya sanduku, kila kipande kinaswe hapo.

RISASI ZA KUJITENGENEZEA

Mawe hayafai, kila moja lina uzito wake. Ami alikuwa na debe la chubwi za zamani za mishipi. Chubwi ni risasi, yaani yale madini yenyewe, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Nikaziyeyusha kwenye sufuria iliyotoboka mpini, juu ya jiko la makaa, nikamimina kwenye kalibu ya udongo. Zikatoka gololi za milimita 12, gramu 10 na kitu. Nikazipima moja moja, zilizopishana nikazirudisha jikoni.

Mapigo matatu ya kwanza: 48.1, 48.3, 48.2. Nikapiga ukelele. Nikamwita ami aje aone jedwali. Akaliangalia, akaliangalia kopo ambalo halikuguswa, akashuka zake kusali.

Mliosoma takwimu mshanicheka. Mapigo matatu hayasemi kitu. Nilipofikisha 20, kasi zilianzia 45 hadi 51. Gololi zilikuwa sawa. Mkono wangu ndio uliovuta raba tofauti kila mara. Ajabu zaidi, nilipofanya hesabu ya umbali wa mita 10, pengo lote hilo ni kama sentimita tano za kupanda na kushuka. Mimi nilikuwa nakosa kushoto na kulia! Kronografu haioni kushoto na kulia. Nilikuwa nimejenga kifaa kizuri cha kujibu swali ambalo sikuwa nalo.

Lakini hilo silo kosa ninaloliandikia leo.

SAFU AMBAYO HAIKUWEPO

Mtoto wa dada yangu, miaka sita, alikuwa msaidizi wangu. Kazi yake kuokota gololi mablanketini, kuzihesabu na kuzirudisha. Nyingine alizitia mfukoni akachezea. Wakati nayeyusha alikaa karibu, maana lile ziwa la fedha ndani ya sufuria linapendeza. Kisha tunashuka kula viazi karai, mikono hivyo hivyo.

Jumamosi ya nne dada akapanda kuanua nguo.

"Mnachemsha nini?"

"Risasi."

"Risasi gani? Hii ya Owino Uhuru?"

Nikanyamaza. Owino Uhuru ni mtaa wa upande wa Mikindani, mwendo wa matatu kutoka hapa. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kilitia risasi kwenye hewa, maji na damu za watu pale. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani na mwanawe akaugua, ndiye aliyepigana hadi kikafungwa 2014. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya vuta nikuvute za rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024. Nilikuwa nimefuata kesi hiyo na kuwalaani wenye kiwanda. Halafu nikafungua kiwanda changu juu ya paa, nikaajiri mtoto.

Tulikwenda kupimwa damu. Mtoto mikrogramu 6 kwa desilita, mimi 9. WHO husema kuanzia 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe, na kwamba kiwango salama hakijulikani. Daktari hakuhitaji kutafuta. Ukiwa mtoto, risasi hugusa ubongo unaokua, na kilichoharibika hakirudi. Usiku ule nililifungua jedwali langu: tarehe, saa, joto, uzito, kasi hadi nukta ya pili. Safu ya mtoto haikuwepo. Dada hakunisemesha kwa siku tisa, na sikuwa na neno la kujitetea.

Tuliosha paa zima kwa maji na sabuni, vitambaa tukavitupa. Chubwi na gololi zikafungwa kwenye debe, ami akalifungia mbali. Miezi mitatu baadaye mtoto alishuka hadi 3. Alhamdulillahi, lakini hadi leo akisahau kitu cha shule moyo wangu unashtuka.

Siku hizi gololi zetu ni za udongo wa mfinyanzi, tunazifinyanga pamoja na kuzianika. Kasi zake zinapishana zaidi ya zile za risasi, jedwali linasikitisha. Kopo napiga mara 11 kati ya 20, zamani ilikuwa 9. Ami alinirekebisha kiwiko.

Na vifaranga? Shangazi alinunua wavu wa shilingi 600, akafunika banda. Kunguru wakahamia kwa jirani.

Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata. Ni hayo tu kwa leo.