Mkataa Kwao

Kwenye mlango wa friji letu kuna kalenda tuliyopewa bure na duka la nyama. Tangu mwisho wa Machi mwanangu wa miaka 11 anaisahihisha kila asubuhi kabla ya chai, kama mwalimu na daftari: vema kwa ushindi, kosa kwa kipigo. Sasa ni katikati ya Julai 2024. Ligi imesimama siku chache kupisha mechi ya nyota, na jana usiku nilisimama mbele ya friji nikahesabu. Vema 27. Makosa 71.

Timu ni Chicago White Sox, na mchezo ni besiboli. Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka, namba hizo zinahitaji maelezo. Timu hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku, mpaka mwisho wa Septemba. Mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika 10 huhesabiwa hodari, kwa hiyo kushindwa kumo ndani ya mchezo kama chumvi ndani ya mchuzi. Timu inaweza kupoteza mechi 60 na bado ikachukua ubingwa. Lakini 71 kabla ya Agosti ni jambo jingine. Kwa mwendo huu tutafika 117. Rekodi ya zama hizi ni 120, ya New York Mets wa 1962, na hao angalau walikuwa na udhuru: timu ilikuwa ndiyo kwanza imeundwa.

Tulianza kwa kushinda 3 na kufungwa 22. Kati ya Mei na Juni tukafungwa 14 mfululizo, zikiwemo mbili dhidi ya Cubs, watani wetu wa upande wa kaskazini wa jiji, zote 7-6. Asubuhi baada ya ile ya pili mwanangu aliweka kosa lake kwenye kalenda, akafunika kalamu, akasema, "Baba, naomba kuhamia Cubs."

Aliomba kwa adabu, kama anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza kwa jirani. Darasani kwao karibu wote ni Cubs. Yeye peke yake ndiye anayekwenda shule na kofia nyeusi, na ameichoka.

Nilimjibu kwa maneno ambayo hayakuwa yangu. Baba yangu alikuwa Simba wa kufa. Nyumbani kwetu Magomeni alikuwa akisema, "Nyumba utahama, kazi utahama, timu huhami. Mkataa kwao ni mtumwa." Nikamwambia mwanangu hivyo hivyo, na kidole nikakiinua kama alivyokuwa akikiinua marehemu.

Alifikiri kidogo. "Lakini wewe ulihama, Baba."

"Nilihama nini?"

"Nchi."

Hakuwa na ufedhuli. Alikuwa anauliza tu. Mimi nikachukua funguo za lori nikaenda kazini.

Nilifika Chicago Februari 2005, na theluji nikaiona kwa mara ya kwanza nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli laini. Kufika kiangazi nilikuwa naendesha teksi. Redio ya gari ilikuwa imekwama kwenye stesheni iliyotangaza mechi za White Sox, na kwa kuwa sikuwa na hela ya kuitengeneza, nilisikiliza. Mwanzoni nilidhani ni rede ya watu wazima: mmoja anarusha, mwingine anangoja, watu wanakimbia kwa ghafla kisha wanasimama. Kiingereza changu cha shule hakikuwa na maneno yale. Lakini mtangazaji alikuwapo kila usiku, saa tatu nzima, akizungumza taratibu kama mtu aliyeketi barazani. Katika jiji ambalo hakuna aliyelijua jina langu, hiyo ilikuwa sauti pekee niliyokuwa na hakika ya kuisikia kesho.

Mwaka huo huo White Sox walichukua ubingwa, wakiifunga Houston Astros mechi 4 kwa 0. Mara ya mwisho ilikuwa 1917. Usiku ule nilimbeba mzee mmoja kwa safari ya dola 7. Alinipa noti ya 20, akakataa chenji, akashuka bila kusema neno. Nikasema hii ndiyo timu yangu. Sikujua kwamba nimepanda basi kwenye kituo cha mwisho. Tangu mwaka ule hawajashinda hata hatua moja ya mtoano.

Baba alifariki 2011. Makaratasi yangu yalikuwa bado hayajakaa sawa. Ningetoka nisingeweza kurudi. Nilizika kwa simu. Mdogo wangu aliishika juu ili nisikie udongo ukiingia, kisha chaji ikaisha. Kwa hiyo mwanangu aliposema nilihama, hakujua ameweka kidole wapi. Mimi ndiye niliyekatazwa kuhama timu nikahama kila kitu kingine, na sasa nasimama jikoni kumkataza mtoto kubadilisha kofia.

Wiki hizi nimekuwa nikilifikiria jambo hilo barabarani, redio ikiniletea vipigo. Katika mchezo huu kila mtu huhama. Garrett Crochet, mrushaji wetu aliyeko kwenye kikosi cha nyota mwaka huu, hakuwa ameanza mechi hata moja ya ligi kuu mpaka siku ya ufunguzi mwezi Machi. Alirusha vizuri, tukafungwa 1-0 na Detroit. Sasa ndiye sababu ya kuwasha redio, na kila gazeti linasema huenda akauzwa kabla ya dirisha kufungwa Julai 30. Hata timu huhama. Athletics wanacheza msimu wao wa mwisho Oakland, walikokuwa tangu 1968. Sisi wenyewe 1988 tulinusurika kupelekwa Florida. Uwanja wetu wa zamani, uliofunguliwa 1910, sasa ni maegesho ya magari. Alama ya pale aliposimama mpigaji imebaki chini kwenye lami. Niliwahi kumsimamisha mwanangu juu yake alipokuwa na miaka 5, akashika gongo la hewa, gari likatupigia honi.

Anayebaki ni shabiki, basi. Hivyo ndivyo ninavyotaka kusema, na lingekuwa jibu zuri la kumpa mtoto. Ila baba hakunifundisha hivyo, nikikumbuka vizuri. Alinifundisha kwa mdomo jambo moja na kwa maisha jambo jingine.

Kwani mama yangu ni Yanga.

Alizaliwa Yanga, akaolewa Yanga, na mpaka leo ni Yanga. Miaka yote ya ndoa yao nyumba ile ilikuwa na redio moja na timu mbili. Siku ya watani wa jadi baba alisikilizia uani na mama jikoni, mlango ukiwa wazi ili redio iwafikie wote. Aliyefungwa ndiye aliyepika chai, na baba aliipika vibaya kwa makusudi. Novemba iliyopita Yanga walipotufunga 5-1, simu yangu iliita Jumapili asubuhi, saa za huku. Nilisema shikamoo. Mama hakuitikia. Alihesabu tu: "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Kisha akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka peke yangu jikoni, kilomita maelfu kutoka Magomeni, nikiwa nyumbani kabisa.

Jumamosi iliyopita nilimchukua mwanangu dukani nikamnunulia kofia ya buluu ya Cubs. Nilitoa pesa kwa mkono wa kulia, lakini sikuiangalia. Nilimwambia, "Hama. Ila jua kuwa kwenye nyumba hii aliyefungwa anapika chai." Akauliza kama hesabu inaanza sasa au inarudi mpaka Machi. Nikasema inaanza sasa, nina akili zangu.

Jumapili Pirates wa Pittsburgh walimaliza kazi yao kwetu: mechi 3, vipigo 3. Nilisikiliza yote, mpaka mtangazaji alipotuaga. Ijumaa tunarudi uwanjani, kule Kansas City, na sioni dalili yoyote ya kupona.

Jumatatu asubuhi niliingia jikoni nikamkuta mbele ya friji na kofia yake mpya, lebo bado inaning'inia. Kalenda yenyewe hakuibadilisha. Alikuwa anaweka kosa la White Sox mahali pake, taratibu, mistari miwili iliyonyooka, kisha akageuka kuangalia kama maji yangu yamechemka.

"Majani mengi, Baba," alisema. "Na usiharibu kwa makusudi."