Mizigo ya mwana wetu aendaye Mongolia

Tangu zamani tumezoea kuona wamisionari wakitujia. Wazee wetu waliwapokea, wakawapa maji na mahali pa kulala, wakawafundisha lugha. Lakini kumtoa mwana wa nyumba yetu wenyewe, kumfungia mizigo, aende ng'ambo ya bahari kuwatumikia watu tusiowajua, jambo hilo hatukulizoea. Mwaka jana lilitufikia sisi wazazi, hapa Lubumbashi. Mwana wetu wa 3, fundi wa kulehemu vyuma, alijitolea kwenda Mongolia kwa miaka 2, ili awafundishe vijana katika shule ya ufundi ya Wasalesiani. Twaandika habari hizi kwa ajili ya wazazi wengine, kwa kuwa twaona vijana wa parokia wameanza kuuliza njia.

Labda msomaji atauliza: Mongolia ni wapi? Ni nchi kubwa ya Asia, baina ya Urusi na China, na watu wake ni milioni 3 na zaidi. Mji mkuu wake, Ulaanbaatar, waishinda miji mikuu yote ya dunia kwa baridi. Katika mwezi wa kwanza, usiku, baridi hushuka hata digri 30 chini ya sifuri na kupita. Wakatoliki wa nchi nzima ni kama 1,500 tu. Mwaka 2023 marehemu Papa Fransisko alikuja kwanza kwetu Kongo, na katika Misa yake ya Kinshasa watu walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 1. Mwezi wa 9 wa mwaka uleule akaenda Mongolia, na huko Kanisa lote la nchi lilikuwa karibu kuenea ndani ya jumba moja la michezo. Wasalesiani walifika kwetu Katanga mwaka 1911, na Mongolia mwaka 2001. Basi katika jamaa hiyo sisi ni wakubwa wao kwa miaka 90, na si vibaya mkubwa akimtembelea mdogo wake.

Hata hivyo, kabla ya sanduku palikuwa na neno la mshahara. Kijana wetu alikuwa na kazi nzuri katika kiwanda cha vyuma. Kwa fedha yake wadogo zake 2 wa kike walilipiwa shule, na Nkambo, bibi yake mzaa baba, alinunuliwa dawa za presha kila mwezi. Anayejitolea hapati mshahara. Hupewa chakula, kitanda, na fedha kidogo ya sabuni na ya simu. Tulipowakusanya ndugu kuwaambia habari, furaha ilikuwa kubwa mpaka hapo tuliposema neno hilo. Shangazi yake alikuwa amekwisha kuomba simu mpya. Mjomba wake, ambaye ana haki ya kusema mbele ya wote, akasimama akauliza: "Mtu huenda ng'ambo kutafuta. Ninyi mwamtoa mwenye kazi aende kufanya kazi bure? Na hawa wasichana, nani atawalipia?"

Swali hilo halikuwa la ubaya, wala hatukumkemea mtu. Wanaosema kwamba ndugu wa namna hiyo hawana imani hawajapata kulipa karo ya watoto 2 kwa mfuko mmoja. Tulikaa siku 3 na daftari. Mama akaongeza siku za kuuza mikate sokoni. Baba akauza pikipiki yake, akarudi kwenda kazini kwa miguu na kwa basi. Hesabu ilienea, lakini kwa shida, tena kwa mwaka mmoja tu. Ndipo tukawaita ndugu mara ya pili, tukawaambia wazi kwamba hakuna fedha itakayotoka Mongolia, wala simu, wala mwaliko wa kumvuta binamu. Twawashauri wazazi wote wafanye hivyo mapema. Kijana akisafiri na ahadi zisizosemwa, atazibeba kila siku, na kila simu ya nyumbani itamwogopesha.

Nkambo alikuwa amenyamaza muda wote. Mwishoni akamwambia mjomba: "Wale mapadri waliozikwa nyuma ya kanisa la kule nilikozaliwa, walizaliwa na mawe? Hawakuwa na mama wa kumnunulia dawa?" Mjomba hakujibu. Hakukubali pia, lakini siku ya kufunga mizigo alikuja na glavu za ngozi za mlehemuji, mpya, akaziweka mezani na kuomba chai.

Sasa tuje kwenye mizigo. Tikiti iliruhusu masanduku 2, kila moja kilo 23. Jirani mwuza unga akatuazima mizani yake. Watu wakaleta: unga wa bukari kilo 10, kapenta waliokauka, sombe iliyokaushwa juani, chupa 2 za mafuta ya ngazi, pilipili, vitenge, sanamu ya Bikira Maria ya mbao nzito, viatu vya kazi, blanketi, na koti kubwa la mtumba ambalo mwenye kuuza aliapa kuwa ni la nchi za theluji. Tulipopima, kilo 61.

Usiku ule tulikumbuka habari za mizigo ya wale waliotuletea Injili. Mwaka 1878 Mapadri Weupe wa kwanza walipotoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu, mizigo yao ilichukuliwa vichwani na mamia ya wapagazi, kila mtu karibu kilo 30. Sehemu kubwa ilikuwa nguo, shanga na waya, kwa maana vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani, na bila hivyo msafiri hakupata chakula wala ruhusa ya kupita. Padre Pascal alifariki njiani mwaka uleule, hakuliona ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 wenzake wakapokea Mpala, kwenye ufuko wa upande wetu. Mizigo mingi kiasi gani ilipotea njiani! Na waliofika, waliishi kwa mihogo na samaki wa wenyeji.

Asubuhi tukafungua tena masanduku. Padre wa kule alikuwa ametuandikia barua yenye maneno machache: koti zito lisinunuliwe Afrika, kwa kuwa koti la Ulaanbaatar hupatikana Ulaanbaatar, aje na nguo za ndani za pamba na soksi nyingi, maana mtu huvaa nguo juu ya nguo, meno yake yatibiwe kabla ya safari, na vyeti vyote vinakiliwe mara 2. Basi koti likatoka, na blanketi. Kapenta nao wakatoka, kwa sababu forodha za nchi nyingi hukataa samaki na nyama za wasafiri. Unga ukapunguzwa mpaka kilo 2, wa kuwapikia wenzake bukari mara moja au mbili tu, wauonje. Mafuta ya ngazi, chupa 1, ikafungwa ndani ya nailoni 3, kwa maana hayakubaliwi kwenye mkoba wa mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano na pasipoti tulizitia katika mfuko wa shingoni alioushona dada yake. Sanamu ya Bikira Maria ilitusumbua. Ilikuwa na kilo 4. Mwishoni akachukua rozari ya Nkambo, na Nkambo akachukua sanamu.

Kulikuwa na maandalio mengine ambayo mizani haikuyaona. Kwa miezi 4 kijana alikesha na herufi za Kimongolia, 35, zinazofanana na za Kirusi. Siku moja akatusomea kwamba kule mtu akipewa kitu na mkubwa hukipokea kwa mkono wa kuume, na wa kushoto ukishika kiwiko. Nkambo akacheka sana. "Kumbe wamelelewa!" akasema. Akamwamuru aonyeshe, akampa kikombe cha maji, naye akakipokea hivyohivyo kama alivyofundishwa hapa nyumbani tangu utoto. Tena akasoma kwamba mgeni asikanyage kizingiti cha hema lao. Tulimwambia hilo alishike kuliko herufi zote.

Aliondoka uwanja wa Luano mwezi wa 8, masanduku yakiwa na kilo 22 na kilo 21. Katika barua zake hajataja unga wala vitenge. Ameandika kuhusu moshi wa makaa ya mawe unaofunika mji wakati wa baridi, kuhusu wanafunzi 14 wa darasa lake, na kwamba glavu za mjomba zimepasuka kidole kimoja kwa sababu wanafunzi huziazimana. Mjomba ameisikia habari hiyo, akauliza glavu nyingine zaweza kutumwa kwa njia gani. Kuhusu wasichana, muhula wa kwanza tumelipa wote wawili. Wa pili tumelipa mmoja, na kwa yule mwingine tumeomba tungojewe hadi mwisho wa mwezi.