Kabale wakati wa mvua

Ndugu zangu wa Bukavu,

Safari hii siwaandikii habari za mgao wa chakula wala za mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba. Nimetoka kutembea. Nilikwenda milimani, Kabale na ziwa Bunyonyi, kwa pesa yangu mwenyewe, bila mgonjwa wa kupeleka hospitali, bila msiba, bila bidhaa ya kuuza. Yaya, mkubwa wetu, aliponipigia simu nikamweleza, alikaa kimya kidogo kisha akauliza, “Mkimbizi naye anakwenda kutalii?” Ndiyo, Yaya, anakwenda. Na afadhali aende wakati wa mvua.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayowatia watu hofu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi. Hata hivyo wengi wetu tunaotoka Nakivale kwa siku kadhaa huomba barua ya ruhusa, ili tukiulizwa njiani tuwe na karatasi ya kuonyesha. Wenzangu kwenye foleni waliandika sababu zinazojulikana: matibabu, masomo, kumwona ndugu. Mimi niliandika kwamba nakwenda kupumzika. Karani alisoma, akaniangalia, akagonga muhuri. Mzee mmoja Mrundi aliyekuwa nyuma yangu alisema katika miaka yake yote hapa hajaona mtu akitoa sababu ya namna hiyo, tena akanitakia safari njema mara mbili.

Nakivale mnaijua kwa picha: tambarare ya Isingiro, miti ya miiba, vumbi, na ziwa lenye viboko. Kambi hii ilitambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo tumo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Watu wanalima hapa, wanaoa hapa, wanazikana hapa. Tangu 2023 chakula cha msaada hugawiwa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kaya, na wapo waliopunguziwa, wapo walioondolewa kabisa. Kwa hiyo namwelewa anayesema pesa ile ingenunua unga. Lakini pesa yangu ilitoka kwenye likilimba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, na zamu ya mtu ikifika huamua mwenyewe. Zamu iliyopita ilinunua mabati. Hii ilininunulia siku za kutopangiwa na mtu. Anayepangiwa na wengine kiasi cha unga, siku ya foleni na saa ya kuchota maji, huchoka mahali ambapo usingizi haufiki, na sikubali kwamba uchovu huo ni wa kudharauliwa kwa sababu tu mwenye nao ni maskini.

Teksi ya kwenda Mbarara huondoka kituo chetu cha Base Camp ikijaa, si kabla. Mbarara limekuwa jiji rasmi tangu Julai 2020, na kwa msafiri wa mfuko mdogo kazi yake kubwa ni soko. Nilinunua maparachichi, karanga na mkate, na sweta nzito ya mitumba, maana kule juu kila kitu cha dukani kina bei ya mgeni. Kutoka hapo barabara inapitia Ntungamo. Ukishaupita mji huo ng’ombe wa pembe ndefu wanapungua, vilima vinasogeleana, mashamba yanapanda hadi vileleni kwa matuta yaliyopangwa kama ngazi, na abiria wanaanza kufunga madirisha mmoja baada ya mwingine.

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tangu enzi za ukoloni wazungu walipapenda kwa baridi yake. Hoteli ya White Horse Inn bado iko juu ya kilima cha Makanga, karibu na uwanja wa gofu. Siku hizi wageni wengi hupita hapo njiani kwenda kuona sokwe wa milimani katika msitu wa Bwindi, ambako wanaishi karibu nusu ya wote waliobaki duniani. Wanakuja Juni hadi Agosti, tena Desemba hadi Februari, msitu unapokuwa mkavu kidogo. Aprili, Mei na Novemba njia za msituni zinateleza, wageni hawaonekani, na vyumba vinabaki vitupu na vitanda vyake vimetandikwa.

Hapo ndipo mlango wetu ulipo. Usiulize bei kwa simu. Fika mwenyewe, baada ya chakula cha mchana, uone chumba, kisha useme kwa heshima ulicho nacho. Chumba kilichoandikwa elfu themanini nilikipata kwa shilingi elfu thelathini na tano za Uganda, chai ya asubuhi ikiwamo. Lakini bei ilipofika hapo niliacha kubishana, na nawaomba mfanye hivyo mkija. Dada aliyenipikia viazi na maharage aliniambia kwamba mvua zikianza wanabaki wafanyakazi wawili tu, wengine hurudi shambani bila mshahara hadi Juni. Kalenda ya likizo za Ulaya ndiyo inayoamua mtoto wa Kabale alipiwe ada lini. Mgeni wa mfuko mdogo anayekuja Aprili, hata akiacha kidogo, anakiacha wakati kinapohitajika zaidi.

Na mvua yenyewe si adui. Asubuhi ukungu unalala mabondeni hadi saa nne hivi, kisha jua linatoka na matuta yote yanaonekana, kijani kilichooshwa. Alasiri mvua inashuka, na mtu anakaa barazani na kikombe cha obushera wa mtama, bila kazi inayomsubiri. Msimu wa kiangazi, wanasema, milima hufunikwa na vumbi na moshi. Kwa hiyo wanaolipa bei kubwa hawauoni uzuri huu.

Kutoka mjini hadi gati la Rutinda nilipanda boda. Boti za injini zina bei yao; mtumbwi wa kupiga kasia ni nafuu zaidi, nao una ukimya wake. Ziwa Bunyonyi halina mamba wala viboko, na kwa mtu anayechota maji kwenye ziwa la Nakivale akiangalia nyuma na mbele, kutia mkono majini bila hofu ni starehe tosha. Tulipita kisiwa cha Bwama, ambako daktari Mwingereza Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Kisha tukafika Akampene, kipande cha majani na mti mmoja. Zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa hapo wafe kwa njaa, au wazame wakijaribu kuogelea; mwanamume asiye na ng’ombe wa mahari aliweza kuja na mtumbwi akamchukua mmoja. Wageni wengi hupiga picha na kuondoka. Nilimwomba mwenye mtumbwi aache kupiga kasia kwa muda. Nakivale nawajua wasichana waliofukuzwa nyumbani kwa sababu hiyohiyo, na mmoja wao ananisaidia kufundisha watoto kusoma.

Mwenye mtumbwi aliuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Nakivale alicheka kwa furaha: ana ndugu Isingiro! Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha Wakiga kutoka milima hii ya Kigezi, kwa kuwa watu walikuwa wamezidi ardhi, na chifu Paulo Ngologoza alikuwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Kwanza walipelekwa kaskazini mwa Kigezi, baadaye Ankole, Toro na Bunyoro. Wengine wakafuata wenyewe. Baadhi ya majirani wanaotuuzia ndizi kando ya kambi, ambao siku zote nimewadhani wenyeji wa tangu na tangu, ni watoto na wajukuu wa milima hii. Nao walishuka na mizigo kichwani, wakaanza upya kwenye joto na miiba. Tangu nirudi nimekuwa nikiwauliza habari za babu zao, nao wananisimulia hadi ndizi zinasahaulika.

Yaya, ziwa hilo lilinirudisha Kivu. Vilima vinashuka majini vilevile, wavuvi wanaitana vilevile toka ng’ambo hadi ng’ambo, ingawa hakuna samaki wetu wa sambaza. Tulizaliwa katika mji wa kupumzikia na hatukupumzika. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa 1970, magari ya wageni yakipita kwenda Tshivanga kuona sokwe wetu, nasi wa Kadutu tuliyapungia mikono. Katika mtaa wetu simkumbuki hata mmoja aliyekwenda. Najua mnavyoishi tangu waasi walipouchukua mji Februari 2025, na kwamba leo hakuna wa kuwaambia nendeni mkatembee. Nayaandika haya kwa sababu amani ikirudi nataka twende sote, na watoto, kwa pesa ndogo, na mtu asituambie kwamba mlima ule ni wa wageni.

Huku tayari nimewaambukiza wenzangu. Kinamama wa likilimba wamekubali kuweka kando kidogo kila juma hadi Novemba, wakati wa mvua za pili, wachangie teksi moja hadi Kabale. Nimewapa namba ya mwenye mtumbwi. Wanataka kujua kama watoto wa mgongoni wanalipiwa nafasi, na kama mwenye nyumba ya wageni atawaruhusu kupika bugali yao wenyewe jikoni. La pili nimeshamuuliza yule dada. Amesema waje na unga, sufuria zipo.