Kibao cha Gari si Pambo

Mwaka 2019, bibi mmoja mkimbizi kutoka Kongo, mkazi wa Nakivale, alifika Mbarara na mjukuu wake wa miaka kumi ili atibiwe macho katika hospitali ya Ruharo. Mjini walipanda taksi iendayo Bushenyi, wakashuka Ruharo. Taksi ilipokwisha kuondoka, bibi akapapasa ubavuni: mkoba umebaki kitini! Mlikuwamo nauli ya kurudia na karatasi iliyowatambulisha yeye na jamaa yake yote kuwa ni wakimbizi. Kuipoteza ni kuanza upya safari ya kujieleza ofisini.

Mjukuu hakulia. Kwa kuwa macho ya bibi yaliona ukungu tu, mtoto alikuwa na desturi ya kumsomea namba za magari njiani. Ndio uliokuwa mchezo wao.

"Afande, namba ninaijua," alimwambia askari polisi aliyekuwa kando ya barabara. Akataja herufi tatu na tarakimu tatu.

Askari akaandika, kisha akauliza: "Na herufi ya mwisho?"

Mtoto akanyamaza.

Swali hilo lilikuwa na maana kubwa. Katika mpango wa wakati ule, kibao cha gari la raia kilianza kwa U ya Uganda, zikafuata herufi mbili, tarakimu tatu, na mwishoni herufi moja. UAA 001A na UAA 001B ni magari mawili mbalimbali. Huenda moja ni lori la Gulu na jingine taksi ya Mbarara. Herufi zilisonga mbele kadiri magari yalivyoandikishwa. Zilipokwisha za UAZ zikaja za UBA. Gari la Serikali lilijulikana kwa UG, la polisi kwa UP, na la jeshi kwa H4DF. Hata nchi zina alama zake barabarani: EAU ni Uganda, EAK Kenya, na EAT Tanzania.

"Ni K," akasema bibi taratibu. "Ulinisomea tulipokuwa tukipanda."

Aliyeona alikuwa amesahau, na asiyeona alikuwa amehifadhi. Askari akawapigia simu wenzake walioko mbele, na kabla ya adhuhuri mkoba ukarudi, karatasi ikiwa salama. Dereva mwenyewe hakuwa na habari kwamba amebeba amana ya watu.

Novemba 2023 Uganda ilianza kufunga vibao vya kidijitali, kwanza katika magari ya Serikali. Vibao hivyo vina chombo cha kuwezesha gari kutafutwa. Hata hivyo, chombo hicho hakimwambii abiria alipanda gari gani. Basi kila mzazi na amfundishe mwanawe: kabla ya kupanda taksi au bodaboda, soma kibao, ukisome mpaka herufi ya mwisho, kisha umwambie na mwenzako. Kumbukumbu ya wawili haipotei upesi.