Motokari ya mnada kwa barabara ya Shasha

Wiki hii nawapeleka Shasha, kisha tutarudi Goma kwenye uwanja wa forodha.

Toka Goma mpaka Sake unapita katikati ya mawe meusi ya volkano. Baada ya Sake udongo unabadilika, unakuwa mwekundu, na barabara inafuata Ziwa Kivu: maji mkono wa kushoto, mlima mkono wa kuume. Unafika Shasha, halafu Bweremana, halafu Minova. Mvua ikinyesha, udongo ule unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko.

Kwa barabara hii mama mwenye ndizi na mihogo anangoja kamyo ya mtu mwingine, na bei ya kubeba mzigo anaisema mwenye kamyo. Februari 2024 vita vilipofika Shasha, njia ya Sake na Minova ilikatika, na watu wakabaki na maboti tu. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku. Wengi waliokufa walikuwa wanapeleka biashara yao Goma. Ndiyo maana sishangai nikisikia wamama wa kikundi cha akiba huko Shasha wanahesabu dola zao na kuuliza kuhusu motokari ya mnada.

Mnada wa serikali upo kweli. Sheria ya forodha ya tarehe 20 Agosti 2010 inaipa DGDA, ile ambayo wazee bado wanaiita OFIDA, ruhusa ya kuuza hadharani mali ambayo mwenyewe ameiacha bila kuilipia. Motokari inauzwa kama ilivyo, pale ilipo. Hakuna wa kumrudishia ukikuta injini imekufa. Siku ya kuangalia ndiyo siku ya kwenda na fundi wenu, si siku ya mnada, wakati kila mtu anapaza sauti na damu imepanda.

Mimi ningeanza kwa usukani. Motokari nyingi zinazofika kwetu zilitoka Japani, zikapitia Mombasa au Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume. Kenya, Uganda na Tanzania wanatembea kushoto, kwao ni sawa. Sisi Kongo tunatembea kuume. Shofere anayekwenda Minova anakaa upande wa mlima, kamyo ikiwa mbele yake hawezi kuona kinachokuja mpaka jirani yake achungulie na kumwambia, "Pita!" Maisha ya watu kumi yanakuwa mdomoni mwa abiria, labda mwenye usingizi. Na zile basi ndogo mlango wake uko kushoto: mama anashuka na mtoto mgongoni katikati ya barabara. Kwa kubeba mihogo tu, pikapu yenye usukani wa kuume inaweza kuvumilika. Kwa kubeba watu, mimi nakataa.

Halafu karatasi. Ulizeni kabla ya kutaja bei: je, bei ya mnada ina ushuru ndani, au ushuru unakuja baadaye? Motokari nyeupe za mashirika ziliingia bila ushuru. Yakiziuza, mnunuzi mara nyingi ndiye anayebaki na deni la forodha. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Thamani ikihesabiwa dola 3000, TVA ya 16 kwa mia peke yake ni 480, na ushuru wenyewe bado. Namba ya shasi iliyogongwa kwenye chuma isomwe herufi kwa herufi, ilingane na karatasi, maana bila hivyo hamtapata carte rose wala plaki. Pokeeni risiti yenye jina la kikundi, si la mume wa mwekahazina, hata kama ni mtu mzuri sana.

Wamama wale wameamua kwanza kutenga fedha ya matairi na ya fundi, ndipo wajue kiasi wanachoweza kutaja mnadani. Kwa shofere kuna majina mawili. Moja ni la binti anayejifunza kuendesha huko Goma, na shangazi zake bado wanabishana.