Kutoka Imla Hadi Jaribio: Somo la Sayansi Kamina

Katika sekondari za mji wa Kamina, somo la sayansi kwa miaka mingi lilikuwa imla. Profesa, kama mwalimu wa sekondari anavyoitwa Kongo, aliingia na daftari lililochakaa pembeni, akaandika kichwa cha somo ubaoni, kisha akasoma polepole kwa Kifaransa huku darasa zima likiandika. Kemia ilifundishwa hivyo, fizikia hivyo, biolojia vilevile. Mchoro wa moyo wa binadamu ulinakiliwa kwa kalamu za rangi mbili, na mwenye mkono mzuri alisifiwa kuliko aliyeuliza damu inapandaje kutoka miguuni.

Waliosoma katika miaka ya 1990 wanakumbuka pia kwamba mzazi ndiye aliyembeba mwalimu. Mshahara wa serikali ulikuwa umekwisha thamani, na shule ziliishi kwa michango ya familia. Hakukuwa na fedha za mirija ya kupimia wala asidi. Juu ya yote ulikuwapo mtihani wa taifa, Exetat, ulioanzishwa mwaka 1967, ambao kwa sehemu kubwa humtaka mwanafunzi achague jibu moja kati ya kadhaa. Mtihani wa namna hiyo haumwulizi mtu amewahi kushika nini mkononi. Mwalimu aliyesoma imla alikuwa akiwatendea wanafunzi wake haki, maana diploma ndiyo iliyokuwa ikitafutwa.

Ajabu ni kwamba sayansi ilipita mlangoni kila siku. Reli inayotoka Lubumbashi ina nyaya za umeme hadi Kamina: mkondo geu wa volti 25,000. Kuendelea kaskazini, treni huvutwa kwa dizeli. Kwa nini umeme unaishia hapo? Kwa nini volti iwe kubwa kiasi hicho? Maswali hayo yalitosha kwa muhula mzima wa fizikia, lakini daftarini iliandikwa kanuni ya Ohm tu, pamoja na hesabu zake. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa madini. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, yalitoa vyombo vya shaba vilivyotengenezwa na mafundi wa nchi hiyohiyo. Katika kemia, shaba ilibaki herufi mbili kwenye jedwali.

Mabadiliko rasmi yalikuja kwa hatua. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka minane, na mwaka wa masomo wa 2018 programu mpya za hesabu na sayansi zilianza kuingia darasa la saba. Hesabu, fizikia, sayansi ya viumbe na ardhi, teknolojia na kompyuta viliwekwa chini ya uwanja mmoja wa masomo. Jambo jipya zaidi lilikuwa mwanzo wa somo: badala ya fasili, mwalimu anatakiwa kuanza na hali ambayo mtoto anaijua nyumbani, kisha darasa litafute.

Kwa shule isiyo na maabara, agizo hilo lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana. Maua makavu ya ngaingai yakichemshwa hutoa maji mekundu. Tone la ndimu huyaacha mekundu, tena yenye kung'aa. Maji yaliyochujwa kutoka kwenye majivu huyageuza kuwa ya kijani. Hapo asidi na besi zimeonekana kwa macho, na gharama yake ni vikombe vitatu na maua ya sokoni. Maji hayohayo ya majivu, yakikolezwa na kuchemshwa na mawese, hutoa sabuni.

Mihogo inafundisha zaidi. Kila anayekula bukari ya mihogo anajua kwamba mihogo michungu hulowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa, ila wachache waliwahi kuambiwa sababu. Ndani yake mna linamarini, ambayo huzaa sianidi. Mihogo inapochachuka majini, linamarini huvunjika na sumu hutoka. Palipokuwa na njaa na watu wakafupisha siku za kuloweka, kama katika eneo la Kwango, ulitokea ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu, ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938. Kemia, biolojia na afya vinakutana kwenye beseni moja, na mama wa mwanafunzi anakuwa na la kuchangia katika kazi ya nyumbani.

Kilichobaki nyuma ni mtihani. Programu imemtaka mwanafunzi achunguze, lakini mwisho wa humanite, yaani sekondari ya juu, bado anakutana na maswali ya kuchagua jibu. Ndiyo maana profesa yuleyule anaweza kuwapa wa darasa la saba ngaingai na majivu asubuhi, na mchana akawasomea imla wa mwaka wa mwisho.