Kiwanja Kimoja cha Kariakoo

Msomaji mpenzi, siku utakapofika Dar es Salaam usikimbilie kwanza baharini. Pita Mnazi Mmoja uingie Kariakoo kwa miguu, na mkoba wako uushike vema. Jina hili limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari, na viwanja ni vidogo.

Tazama kiwanja kimoja tu. Zamani hapo palikuwa na nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jiko na choo. Chache bado zipo, zimebanwa kati ya majengo marefu kama mtoto katika foleni ya watu wazima. Lakini penginepo pamesimama ghorofa. Chini yanauzwa vitenge na viatu, juu yake ni stoo, na juu kabisa utaona nguo za watoto zimeanikwa.

Basi tuhesabu. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa katika umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mjini. Mwaka 2023 viwango vilipandishwa vikawa 1,500 na 7,500. Kwa mwaka mzima nyumba ile ya vyumba sita ni shilingi 18,000. Jengo la sakafu kumi ni shilingi 900,000. Kiwanja ni kile kile, na barabara ya mbele ni ile ile, lakini kodi ni mara hamsini.

Sasa panda daladala twende Chanika, ambako pia ni Ilala. Huko watu wamejenga nyumba za chini, kila mtu na kiwanja chake na migomba yake, na ni jambo jema kupata mahali pa kupumua. Lakini ili kufikia zile 900,000 zinahitajika nyumba hamsini. Ukizipanga pande mbili za njia, kila kiwanja upana wa mita 20, unapata nusu kilomita ya barabara, na bomba la maji la urefu huo, na mtaro, na nguzo za umeme. Ndiyo maana mvua za masika zikija, watu wa pembeni ya mji huvua viatu na kuvishika mkononi.

Sisemi kila mtu apande ghorofani. Novemba 16, 2024 jengo lilianguka hapo hapo Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Sakafu nyingi zinaleta kodi nyingi, lakini zinadai pia wakaguzi wasiolala.

Tena kipimo hiki kina upofu wake. Kinahesabu sakafu tu, wala hakiulizi thamani. Nyumba ya chini ya Masaki, yenye bustani na bwawa la kuogelea, ni 18,000, sawasawa na ya mama muuza maandazi wa Mbagala. Duka la Kariakoo ambalo mtu hulilipia kilemba cha mamilioni kabla ya kuweka hata rafu moja, liko kwenye sakafu inayotozwa sawa na sakafu ya kichochoroni. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mji unapopoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote.

Nawe ukiwa mpangaji, soma vizuri risiti yako ya umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na serikali ilipoianzisha njia hii ilieleza kwamba mpangaji aliyekatwa aelewane naye ili apunguziwe katika pango. Zitunze risiti za mwaka mzima katika bahasha moja, kisha mwendee kwa adabu kabla hujalipa pango lijalo.